Pumzi ya Mama Haijafika Moja

Jumatano, 7 Agosti 2019

Tumekosa! Mama kapuliza ule mrija uliozungushiwa barafu dakika kumi nzima, jasho linamtiririka, yakapatikana matone ya pumzi yasiyojaa hata kijiko. Sista Baaba, muuguzi wa majaribio, akayapima kwa mashine yake. Sifuri nukta nane. Ilitakiwa moja.

Dawa ya majaribio ni ya wanaofika moja tu. Sista kaeleza tena: mapafu yanaliwa ndani kwa ndani, kama bati na kutu, na kutu hiyo huacha alama kwenye pumzi. Ya Mama ndogo. Mtu hafiki chooni bila kupumzika mara mbili — eti ndogo!

Mwenyewe anachekelea. Si alinambia yeye mzima?

Ijumaa, 9 Agosti

Nimejua. Ni Jumanne! Jumanne, kwa mila yetu, bahari inapumzika, hakuna mtumbwi unaotoka, matanuri ya kukaushia samaki kwa moshi yote baridi. Na Mama alijitenga na moshi tangu Jumapili — hospitali, asema, haiendwi unanuka samaki. Alikwenda kajipaka poda! Pumzi ikatulia, nambari ikashuka.

Nimempigia Sista. Huenda ni kweli, kasema, lakini sheria ni sheria. Imebaki nafasi moja, Jumatano ijayo. Na nisithubutu kumpeleka moshini makusudi. Haki ya Mungu, mpaka aliponionya nilikuwa sijalifikiria.

Jumapili, 11 Agosti

Kanisani kashindwa kumaliza hata wimbo mmoja. Kenkey, donge lake la mahindi, kaiacha. Mungu wangu, nifanyeje?

Jumanne, 13 Agosti

Nimewasha. Tanuri tupu, kuni mbichi.

Jirani yetu Esi akachungulia ukutani. "We Araba! Jumanne hii mnakausha nini, upepo?"

Nikasema nafukuza mbu. Akacheka, akaenda zake.

Mama nilimweleza yote, nikingoja matusi. Akavuta kigoda mwenyewe, akaketi mbele ya tanuri. "Moshi umenila miaka arobaini. Leo na mimi niule kidogo."

Nusu saa tu, nikamtoa. Mimi ni mtoto wa namna gani!

Jumatano, 14 Agosti

Kwenye teksi. Mwandiko mbaya, barabara mbovu.

Alfajiri nimemkuta tanurini peke yake. Kayachochea makaa, kajifunika khanga kichwani, moshi wote ndani. Nilipiga ukelele! Dereva kanisaidia kumbeba. Midomo rangi ya majivu. Hawezi kusema neno. Kifua kinapiga filimbi.

Kosa langu. Langu mimi.

Nimempigia Sista, nimekiri kila kitu. Akajibu: mpeleke dharura, Araba, awekewe oksijeni. Nikauliza, na kipimo? Akisha kuwekwa oksijeni hapimwi tena, kasema. Akakata.

Njia panda ya hospitali. Dharura kulia, kipimo kushoto. Dereva kasimamisha gari, anageuka. "Dada, wapi?"

Mama kanishika mkono, huu ninaoandikia. Anainua kidole. Kimoja.

Honi nyuma yetu. Dereva anauliza tena —