Sinia Tulilolisugua

Kwako mdogo wangu, Mwenyekiti wa ukoo uliyejichagua mwenyewe,

Pokea salamu zangu. Natumai magoti yamepoa na shemeji bado anakoroma, maana siku akinyamaza ndipo tuogope. Mimi mzima, ila lile jino langu la mbele limechoka kukaa peke yake, limeondoka bila kuaga.

Uliniagiza nilipeleke sinia la shaba makumbusho wakupe cheti, ukitundike pamoja nalo chini ya picha ya baba siku ya mkutano wa ukoo. Nimekwenda. Nililifunga kwa shuka, na mlinzi akadhani nimeleta chakula, akanipokea kama waziri. Alipoona ni tupu akanionyesha foleni.

Alilipokea binti mmoja, mtaalamu wa vyombo vya kale. Nikamsimulia kama baba alivyotusimulia: mfalme anazama mtoni, babu akamvuta kwa ndevu, sinia likawa shukrani. Akaniuliza, mzee wangu, ndevu za nani? Kumbe miaka yote hatukuwahi kuuliza. Kisha akazima taa, akalimulika sinia kwa tochi kutoka ubavuni, akaniita nisogee. Pale katikati, mahali baba alipotuambia ni nakshi ya maua, pana maandishi. Yamelika, lakini yanasomeka: "Mwanangu, hasira zimekwisha. Rudi, mlango uko wazi. Mama yako."

Unazikumbuka Jumamosi zetu? Majivu na ndimu, mama kalipakata sinia, mimi na wewe kila mtu na kitambaa chake, na baba kitini akihimiza tusugue katikati, hapo hapo katikati, mpaka aone meno yake. Nilidhani mzee anapenda usafi. Mtu wa kuvaa soksi moja wiki nzima! Nyumba ile aliyejua kusoma ni yeye tu. Sisi tulipozijua herufi, za kwenye sinia tulikuwa tumeshazimaliza. Na mama, ambaye hakujua hata a, akaifuta barua ya mama yake kwa mikono yake mwenyewe, huku akituambia kwao walimkana tangu alipotoroka na baba. Amekufa anajua hivyo.

Nikalipeleka kwa mama mdogo, yule tuliyemwacha asimame nje ya geti siku ya mazishi ya mama tukinong'ona kwamba sasa amefuata nini. Haoni tena. Nilipomwekea sinia mapajani alilitambua kwa ukingo, pale palipobonyea. Akasema alilibonyeza yeye, alipoliangusha utotoni wakitoka na bibi kwa mfua shaba. Bibi aliona aibu kuja mwenyewe, akampa baba alifikishe. Watu walimwambia bintiye hajui kusoma. Akajibu mumewe anajua, atamsomea.

Sasa sikia nililofanya, na usinifokee. Mama mdogo aliniuliza kama dada yake alisomewa. Mimi na mdomo wangu huu nikasema ndiyo, mama, kila Jumamosi. Nilitaka afurahi. Akalipapasa, halafu akauliza: basi mbona hakurudi?

Mdogo wangu, unaona nilivyoharibu? Nimemtoa baba kwenye lawama, nikamtia mama. Niliaga kwa kisingizio cha gari kuniacha, sinia nikaliacha mapajani mwake.

Kwa hiyo cheti hakuna, na picha ya baba itundike peke yake ukiweza kuitazama. Njoo twende kwa mama mdogo tukamweleze ukweli. Mimi peke yangu nitaongopa tena, najijua. Fanya haraka, naye ni mzee kuliko mimi, na mimi mwenyewe unaona meno yanavyoondoka. Ukifika, kaa karibu naye umpe mkono, maana hatujawahi kumpa. Na tafadhali, usije na ndimu.

Nisalimie shemeji akiamka, na wajukuu wote, hata yule aliyenificha bakora.

Ni mimi kaka yako, niliyekuwa nikisifiwa kwa kusugua katikati.