Aliyegonga Siku ya Jumanne

Nyumba Na. 31,
Mtaa wa Garranbawn,
Limerick, Ayalandi.
3 Novemba 2024

Mpendwa binamu yangu Colman,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa Fintan wako, ambaye bado anapumua kwa tundu zote mbili za pua ingawa daktari anasema kwa umri huu hata moja ingetosha. U hali gani huko Perth? Goti linaendeleaje? Noeleen hajambo, na jua halijawakausha? Mimi ni mzima. Presha iko juu kidogo, lakini mimi mwenyewe siku zote nimekuwa mtu wa juu.

Nimeshika kalamu kwa sababu jambo hili kwenye simu ungelicheka, nami ningecheka, tukaishia kwenye mpira. Ni habari ya Namba Tisa, ile nyumba ya mjane Hanratty. Binti yake Bernadette anasubiri neno kutoka kwako, na mimi ndiye niliyetumwa kukuuliza. Kwa hiyo soma ukiwa umekaa.

Lakini kwanza nijisifu, maana nisipojisifu hutaamini kuwa barua ni yangu. Siku hizi funguo za ukumbi wa vijana ziko kiunoni mwangu. Nafagia, nachemsha maji ya chai, na nawasimulia watoto jinsi nilivyompikia nahodha wa Kigiriki katikati ya dhoruba nikiwa nimejifunga kwenye jiko kwa mkanda wa suruali. Wameniita Babu Kamba. Nadhani ni kwa sababu ya ule mkanda.

Mwaka jana alikuja mwanamke kutoka Cork akawafundisha vijana kumi na wawili kazi ya kupatanisha watu. Si kuhukumu, Colman, ni kupatanisha. Aliyekosa na aliyekosewa wanakaa kwenye duara moja bila meza, wanapokezana kitu mkononi. Mwenye kitu ndiye anayesema, wengine wote kimya. Maswali ni yale yale kila siku: Nini kilitokea? Ulikuwa unafikiria nini? Nani ameumia? Nini kifanyike mambo yakae sawa? Nilicheka mpaka chai ikamwagika. Nikawaambia mimi nimepatanisha mabaharia wa mataifa saba, na kifaa changu kilikuwa sufuria.

Basi wameniumbua, maana wameweza. Jarlath Quilty, yule mjukuu wa muuza makaa aliyekuwa akivunja vioo vya mabasi, alikaa uso kwa uso na dereva, na sasa basi likipita anapunga mkono kama mke wa balozi. Nyumba mbili zilizogombania mbwa miaka sita sasa zinamwogesha kwa zamu.

Kitu kimoja tu kinanitia baridi. Hawapigi kelele tena. Unakumbuka makelele ya mtaa wetu? Sasa kijana anakuuliza swali, anakutazama, ananyamaza. Anasubiri. Unasikia friji ya jirani ikinguruma. Kabla hujajua, umeshakiri mambo ambayo hata hukuulizwa.

Mwezi wa tisa walichora ramani ya mtaa wakapita nyumba kwa nyumba, wakiuliza watu wanaogopa kupita wapi. Kiongozi wao ni Ríona Shaughnessy, binti wa miaka kumi na saba, nywele amezinyoa kama kuruta. Alinitandikia ramani juu ya meza ya chai. Kila nyumba ilikuwa imetia doa lake jekundu, na madoa yote yalikuwa yamerundikana mahali pamoja, mpaka karatasi imelowa ikatoboka. Namba Tisa.

Na sababu ilikuwa moja, hata kwa watu waliohamia juzi wasiojua Hanratty ni mtu au ni dawa ya kikohozi. Saa kumi na mbili jioni, kengele ya kanisa ikishanyamaza, mlango wa ile nyumba tupu unagongwa mara tatu. Kisha sauti ya kijana inaita, "Mama, ni mimi, Pius."

Colman, mdomo wangu unaujua. Siku ile niliujaza chai ya moto.

Vijana wakaitisha duara, Jumamosi ya tarehe kumi na tisa mwezi uliopita, saa nane mchana. Nje kulikuwa na ukungu mweupe uliobanana na madirisha kama mtu anachungulia. Viti nilivipanga mimi, na kimoja Ríona alisema kibaki kitupu kwa ajili ya marehemu mjane. Bernadette akaja. Ana miaka sabini sasa. Hakuvua koti. Kitu cha kupokezana alikileta yeye mwenyewe: kigongeo cha mlango wao, kile cha shaba chenye umbo la mkono wa mtu. Alikiondoa zamani, siku alipofunika mlango kwa bati. Kwa hiyo anayegonga, anagongea nini? Sijui.

Alikishika akasimulia. Kaka yake Pius alikwenda Uingereza kuchimba mahandaki, akaandika barua tatu, kisha kimya mpaka leo. Halafu majira yale ya baridi ya mwaka sabini na nane akaanza kuja mlangoni kuita. Mama yake anakimbia kufungua, hakuna mtu. Mwishowe mama akawa hafungi mlango kabisa, Pius asije akafikiri hatakiwi.

"Jumanne ile nilimsikia kwa masikio yangu," Bernadette alisema. "Nilikuwa nafunga viatu niende zamu ya usiku kiwandani. Nikamwambia mama ni upepo. Mimi mwenyewe nikatokea mlango wa nyuma, kwa sababu wa mbele niliuogopa. Asubuhi nikamkuta amekaa kizingitini, barafu kwenye nywele, anatabasamu. Miaka arobaini na sita nimemkasirikia kaka yangu kwa kumwita mama."

Kigongeo kikazunguka mpaka kwangu. Kilikuwa kimepita mikono kumi na mitatu, lakini kilikuwa baridi kama kimetolewa nje saa ile. Nilikuwa nimeandaa kichekesho, nakuapia. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni "Mama, ni mimi, Pius." Wala haikuwa sauti yangu. Ilikuwa yako, Colman, ile yako ya miaka kumi na sita.

Hakuna aliyecheka. Ríona akanitazama. "Nini kilitokea, Babu?"

Nikasema. Nikasema Ijumaa tano, baada ya kula samaki, watoto wawili wapumbavu walijificha nyuma ya banda la makaa. Mmoja anagonga, mwenzake anaita, kisha wanauma mikono ya sweta ili kicheko kisisikike. Nikasema mgongaji ni mimi. Jina lako sikulitaja.

"Babu, na hii ni kamba, unatudanganya?" Jarlath akauliza, polepole, kama anayeomba iwe ndiyo.

"Hii si kamba, mwanangu."

"Na huyo mwenzako ni Colman," Bernadette akasema. "Mlikuwa kama soksi, ukiona mmoja wa pili hayuko mbali. Lete hicho."

Nikampa. Nilijua atanipasua nacho kichwa, na nilikuwa nimeshainamisha kichwa ili asipate shida. Badala yake alikiweka magotini akakipapasa kile kidole cha shaba.

"Ijumaa ni zenu," akasema. "Nimezisamehe zote tano, mlikuwa wajinga na mimi nimezeeka. Lakini huyo anayeita alikuja hata siku nyingine. Mwishoni alikuja kila siku. Ile Jumanne aliyofia mama ni ya nani, Fintan?"

Yangu haikuwa. Tangu Jumapili ya wiki ile nilikuwa hospitali nimetolewa kidole tumbo. Kovu ninalo, niliwaonyesha palepale, wasichana wakapiga ukunga. Nilipotoka mjane alikuwa ameshazikwa. Wewe uliniambia wiki ile yote ulikuwa kwa bibi kule Kilrush. Sikukuuliza zaidi. Nadhani nilikuwa naogopa uniulize na mimi.

Sasa sikia kwa nini inambidi ajue. Nyumba ni yake. Vijana wanataka ibomolewe, pale pawe bustani na uwanja wa watoto, na watu wapite tena kwenda dukani kama binadamu. Bernadette yuko tayari kutia sahihi, lakini si kabla ya kujua. Kama ni mmoja wetu aliyegonga Jumanne, basi Pius hakumwita mama yake kwenye kifo, na dada mtu anaweza kuacha kumkasirikia na kufa kwa amani. Kama si sisi, hatabomoa. Alimwambia Ríona, "Kama ni yeye, nikibomoa atagonga wapi?"

Nilidhani yule binti atambembeleza, maana uwanja ule ameuota mwaka mzima, ameuchora mpaka bembea. Hakumbembeleza. Alisema tu, "Basi tutasubiri, Bibi." Duara hawakulifunga. Viti viko vilevile mpaka leo, hawataki nivitoe, na mimi nafagia kwa kuvizunguka. Kile kitupu sikigusi. Watakutana tena tarehe thelathini mwezi huu, na mimi nimeahidi nitakuja na jibu lako, liwe lolote.

Jana jioni nilikwenda kusimama pale, mimi niliyekanyaga bandari arobaini. Kengele ikalia, ikanyamaza. Sitakuambia nilisikia nini, maana nataka ujibu bila kusaidiwa.

Bernadette ameniambia nikuandikie kwamba hana hasira nawe. Nami naongeza: hakuna atakayekudharau hapa. Vijana hawa hawamdharau mtu, hilo ndilo wamejifunza, nami nimeliona kwa macho yangu, maana Jumatatu baada ya kukiri nilikuta wamenifagilia ukumbi.

Msalimie sana Noeleen, na Killian na watoto wake. Shangazi Philomena anakusalimu kutoka nyumba ya wazee, ingawa anadhani bado una chunusi. Malachy wa duka la nyama naye anauliza lini utarudi kumlipia ile bia. Mungu akutunze huko mnakooga jua, akupe usingizi mzuri, na goti lipone.

Maisha yangu yote nimechukia kudanganywa, kwa sababu kazi hiyo ni yangu. Leo, binamu, naomba kwa moyo wote uwe ulinidanganya. Niandikie haraka. Niambie hukwenda Kilrush.

Wako akupendaye, ulikwenda au hukwenda,

Fintan Meaney