Anayeangukiwa Ndiye Anayesema

4 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Habari za siku nyingi? Vipi mgongo, bado unakusumbua kwa kuinua yale mashuka ya hospitali? Sisi huku hatujambo. Binti yako Njiti mzima, anakula kama watu wawili na wembamba wake haupungui. Jina tulimpa sawasawa.

Sasa kaa vizuri nikwambie. Wiki iliyopita alikuja mtu kutoka chama cha mpira wa vinyoya, huu mchezo wetu wa raketi. Shati jeupe, sauti ya chini, anajiita Mratibu. Alinikuta ukumbini na watoto, akapiga makofi, akaisifu timu mpaka nikaona haya. Halafu akatoa futi, akaanza kupima ukumbi. Nikamwambia, "Baba, unapima nini, unataka kutushonea mapazia?" Akacheka sana. Akasema timu zote za watoto za mitaani zitaunganishwa ziwe moja, huko Kituoni, ng'ambo ya barabara kuu. "Tunaunganisha nguvu, dada yangu." Nguvu zipi, jamani? Mimi nina wavu mmoja, na madirisha tunayaziba kwa magunia ili upepo usituchezee kinyoya.

Unaikumbuka timu ya mtaa wa darajani, ya yule fundi saa? Wao waliunganishwa mwaka jana. Nilimpitia kibandani kwake nikamuuliza watoto wake wanaendeleaje. Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Waliandikishwa wote," akarudi kwenye saa yake. Baadaye mteja mmoja wa saluni, ambaye mwanawe alikuwa timu ile, akaniambia nikiwa namsuka: watoto walikalishwa benchi mpaka wakachoka, wakaacha mmoja mmoja. Ukumbi wao una kufuli sasa na hakuna anayejua ufunguo uko kwa nani.

Kaka, naogopa. Timu uliianzisha wewe, na ndimo Njiti alimoanza kucheka tena tangu mama yake atangulie. Ikifa, sijui nitamfanya nini mtoto huyu. Nijibu upesi, barua mpe dereva wa lori la dawa kama kawaida.

Dada yako,
Msusi


20 Februari

Mdogo wangu mwenye ulimi mkali kuliko mkasi,

Natumai mu wazima wote. Mimi sijambo, mgongo umeshazoea. Samahani kwa kuchelewa. Simu huku tunaziacha getini, na hata nikikupigia unajua tunaishia kucheka tu.

Huyo bwana wa futi asikubabaishe. Huyo ni panya, anauma huku anapuliza. Usikubali lolote, usimkaribishe hata maji. Ule ukumbi niliukuta na popo na magodoro yaliyooza, mistari yote niliipaka rangi mwenyewe nikitambaa kwa magoti. Na watoto niliwafundisha jambo moja kabla hawajashika raketi: sisi hatuna refa, kwa hiyo anayeangukiwa ndiye anayesema. Kinyoya kikianguka upande wako, wewe ndiye unayetamka ni ndani au nje, na neno lako halibishiwi. Timu gani nyingine ina watoto wa namna hiyo? Wakiwachanganya na wale wa Kituoni, hilo litakufa siku ya kwanza.

Mwambie Njiti baba yake anamwambia asiinamishe raketi.

Kaka yako


15 Machi

Kaka,

Salamu baada ya salamu. Afya tunayo, amani ndiyo hatuna.

Mapacha wa fundi bomba wameondoka. Mtu alipita nyumbani kwao na viatu vipya vya mchezo, namba zao kamili. Nani alimwambia namba za miguu yao? Halafu akapita kwa muuza mkaa, kisha kwa jirani yake. Kwetu hakuja. Njiti ameanza kuuliza kila jioni kabla ya mazoezi, "Shangazi, leo tutakuwa wangapi?" na mimi namwambia tutatosha.

Nilikwenda chamani kulalamika. Mratibu akanipokea vizuri, akanipa kiti, akasema hakuna anayelazimishwa. Basi tukakubaliana hivi: timu yangu icheze na ya Kituoni, hapa ukumbini kwetu. Tukishinda tunabaki wenyewe. Tukishindwa tunaungana bila maneno. Nikauliza nani atasimamia mistari. Akasema, "Mtaendelea na utaratibu wenu mzuri, anayeangukiwa asema. Watoto wetu nao tutawaelekeza." Alivyokubali haraka hivyo, kaka, mwili ulinisisimka.

Watoto wa Kituoni ni wakubwa, wana mikono kama wabeba mizigo. Sisi tegemeo letu ni Njiti. Nishauri.

Dada yako


29 Machi

Mdogo wangu,

Pole kwa mawazo. Mimi mzima, joto tu la mashine za kufulia linatuchemsha.

Sikiliza. Mkubwa mwenye nguvu usishindane naye kwa nguvu. Mwanzishieni kinyoya kifupi, kipite juu ya wavu kidogo tu, aje mbele akiinama. Akishainama, mpelekeni nyuma, upande wa mkono wake dhaifu. Njiti analijua hilo tangu ana meno ya utoto.

Na jambo lingine. Mstari ni wenu, macho ni yenu. Kinyoya kikianguka karibu karibu na hali ni mbaya, hakuna atakayekufa kikiwa nje. Wao wamewaiba watoto wenu kwa viatu, nanyi mtalinda ukumbi kwa mnachokiweza. Umenielewa. Hapo usimsomee mtoto.

Nawaombea. Mkishinda nitacheza ngoma katikati ya mashuka.

Kaka yako


13 Aprili

Kaka yangu,

U hali gani? Tumeshinda. Nimeliandika kwanza ulifurahie, maana yanayofuata hayafurahishi.

Barua yako niliisoma kwa sauti mezani kama siku zote, Njiti anakula anasikiliza. Nikasoma mpaka "hakuna atakayekufa kikiwa nje," nikasoma "umenielewa," ndipo nikafika kwenye "hapo usimsomee mtoto." Weee kaka! Neno kama hilo si huandikwa kabla? Nikacheka, nikasema baba yako anapenda utani. Njiti hakucheka. Alikusanya sahani akaenda kuziosha, hata yangu ambayo ilikuwa bado na chakula.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Tukafungana mbili kwa mbili, ikabaki mechi ya Njiti na binti mmoja mrefu wa Kituoni. Mwanao alicheza mpaka watu wakasimama kwenye viti. Ikafika pointi ya mwisho, yeye mbele kwa moja. Binti akapiga kinyoya juu, kikaenda nyuma kabisa. Njiti akakiacha. Kikashuka juu ya mstari, kaka. Si karibu, juu. Na kinachogusa mstari ni ndani, hilo hata mtoto mdogo wa timu analijua.

Njiti alikitazama. Kisha akainua mkono akasema, "Nje."

Yule binti hakubisha, kwa kuwa ndivyo walivyoelekezwa. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, nilikiona vizuri. Ningeweza kusema. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Mratibu alikuwa amekaa kwenye kiti, nyuma ya mstari uleule. Alikuja akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Hongera. Sasa naona mimi na wewe tutaelewana." Sikupenda alivyosema.

Dada yako


27 Aprili

Mdogo wangu, shujaa wangu,

Hamjambo? Mimi mzima kupita kiasi! Barua imenikuta zamu ya asubuhi, nikaisoma juu ya toroli la mashuka. Chumba chote cha kufulia kinajua sasa kwamba nina binti. Jicho la baba yake hilo!

Usijitie simanzi. Mchezo ni mchezo. Huyo Mratibu ameshindwa, na mshindwa lazima aseme neno ili aondoke na heshima yake. Timu ipo, ukumbi upo, basi. Mwambie Njiti aniandikie mwenyewe hata mistari miwili, nataka kuisikia mechi kwa maneno yake.

Kaka yako


2 Juni

Kaka,

Salamu. Najua umengoja. Kila nikikaa kuandika naona aibu.

Mratibu alikuja saluni nikiwa peke yangu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akawa anakizungusha polepole mbele ya kioo. Akasema, "Nilikaa pale mwishoni, na macho yangu mazima." Akasema, "Mtoto ana kipaji. Ingekuwa vibaya neno lifike chamani, maana hatashika raketi popote tena. Mimi sisemi. Mimi nina shida ndogo, nataka msaada wako." Msaada wenyewe ni huu: kuna mitaa haijakubali kuungana. Wananiamini mimi kwa sababu nilimshinda. Nikienda nikawaambia nimefikiria upya, wataelewa.

Nimekwenda, kaka. Mitaa miwili mpaka sasa. Nimekaa kwenye viti vya watu, nikawaambia Kituoni ni pazuri. Mama mmoja alinishukuru kwa machozi kwa kumwondolea wasiwasi. Watoto wao wakafungua wavu uliofungwa kwenye nondo za dirisha, wakaukunja vizuri, wakampa Mratibu. Alinifungulia mlango wa gari kurudi.

Na hapa kwetu sijui nikwambie nini. Kila kinyoya sasa ni nje. Kikianguka katikati ya uwanja, mtoto anainua mkono, nje! Wiki jana wawili walipigana mpaka raketi ikavunjika. Nikiwakaripia wananitazama tu. Njiti anakuja kila siku, anaokota vinyoya, anavipanga kwenye mkebe. Hachezi. Nikimuuliza anasema mkono unauma, na mimi najua hauumi.

Umebaki mtaa mmoja, wa machimboni, timu ya yule mkunga aliyemzalisha mkeo. Mratibu anataka niende huko pia. Nifanye nini?

Dada yako


14 Juni

Mdogo wangu,

Pole sana. Nimesoma barua yako mara kadhaa, na chakula hakikupita.

Ushauri wangu ni huu: nyamaza. Nenda machimboni, sema anachotaka, umalize. Akishapata mtaa wa mwisho atakuwa hana haja nawe. Wale wengine tunawahurumia, lakini kila mtu hulia na wake, na sisi wa kwetu ni Njiti. Maji yameshamwagika, dada. Ukifungua mdomo sasa utamharibia mtoto maisha kwa ajili ya kinyoya kimoja.

Mbona haniandikii? Amekasirika? Mwambie yote nilifanya kwa ajili yake.

Kaka yako


20 Agosti

Kaka,

Natumai barua hii inakukuta mzima.

Machimboni nilikwenda. Mkunga aliwaita wazazi wote, akanipa kiti cha mbele. Mratibu alikaa nyuma, karibu na mlango. Nilikuwa nimeshaanza, nimeshafika kwenye "kuunganisha nguvu," mlango ukafunguliwa akaingia Njiti. Alinifuata kwa miguu kutoka nyumbani, sare ya shule imejaa vumbi. Hakunitazama. Akawaambia watu, "Kinyoya kiligusa mstari, mimi nikasema nje. Shangazi alikiona. Huyu baba pale nyuma alikiona. Shangazi ametumwa."

Mkunga akanigeukia, akaniuliza taratibu kama ni kweli. Kaka, nilikuwa na barua yako ndani ya mkoba. Nyamaza, umeniambia. Nilimtazama mtoto amesimama peke yake katikati ya watu wazima, nikasema, "Kilikuwa ndani."

Machimboni wamekataa kuungana, kwa sasa. Mratibu hakugomba. Aliniaga vizuri, akauliza hata afya yako kwa jina, na sijui jina lako alilipata kwa nani. Kesho yake asubuhi alikuja na kufuli. Timu yetu haipo. Watoto wameandikishwa wote Kituoni, isipokuwa Njiti, ambaye chama kimemfungia miaka miwili. Mistari uliyoipaka rangi imefunikwa kwa marobota, ya nini sijui, nilichungulia tu dirishani. Saluni kwangu wateja wamepungua. Wanaokuja hawaongei.

Njiti siku hizi huenda machimboni baada ya shule. Kucheza haruhusiwi. Mkunga amemweka mwisho wa uwanja, watoto wakibishana wanamgeukia yeye, naye anasema. Kurudi nyumbani ni giza, na lile gari la Mratibu nimeliona mara mbili limesimama kwenye kona ya njia yake, taa zimezimwa. Sasa namfuata mwenyewe kila siku. Nafunga saluni mapema.

Barua yako ya Juni sikumsomea. Aliiomba, nikampa, akaisoma peke yake, akairudisha. Nilimwambia akujibu. Akasema hana la kukujibu, nami sikumlazimisha.

Nakupenda, kaka, na ukija mlango u wazi. Ila usiniandikie tena la kufanya. Niandikie unaendeleaje, unalala vizuri, chakula kinapita. Hizo ndizo nitakazomsomea.

Dada yako