Moyo Uliolainishwa kama Shamba la Ulezi

Mbeya

Mdogo wangu Yona,

Wengi tunakosea kudhani moyo uliovunjika ni moyo uliokata tamaa. Nawe uliniambia hivyo kule nyumbani Mlandege, siku ya kuagana: “Kaka, tangu nimzike mke wangu moyo umevunjika. Kwaya waachie wenye mioyo mizima.” Leo ninalo jibu.

Asubuhi hii, kwa baridi ya kutetemesha meno, tulikuwa tunatafsiri zaburi ya toba kwa Kisafwa, lugha ya wenyeji wa hapa. Mzee Mwashiuya, mkulima ninayetafsiri naye, alitaka kuandika “moyo uliokata tamaa”. Nikamuuliza, “Mzee, ulezi mnaupanda juu ya mabonge ya udongo?”

Akacheka. “Mwalimu, wewe hujawahi kulima! Mbegu italiwa na ndege. Kwanza tunayaponda mpaka udongo ulainike.”

Nikamweleza kwamba hapo Kiebrania kina neno daka, yaani kupondwa, na kwamba moyo wa namna hiyo Mungu haudharau. Mzee akapiga meza, uji ukamwagika. “Kumbe hilo ni shamba lililo tayari!” Tukaandika neno lile lile wanalotumia wakiponda mabonge, tukaimba mpaka akina mama waliokuwa wakipalilia nje wakaitikia kwa vigelegele.

Yona, hukuharibika. Huo moyo unaouficha ndio unaotakiwa. Wabusu watoto kwa niaba yangu, nawakumbuka wote.

Kadi hii ikikufikia, jioni hiyo hiyo nenda kwaya ukaimbe.

Kaka yako,
Eliya