Glavu Moja ya Nyota

Armas, supu ya samaki iko jikoni, ipashe tu moto. Usisahau kuni za bafu la sauna.

Asubuhi Saimi alipovaa ile glavu ya sufu yenye nyota aliyoifuma marehemu mama yangu, ilimkaa sawasawa. Akauliza, "Mama, ya pili iko wapi?" Nawe ukadakia, "Ya nini? Dukani zimejaa!" Uliniumiza, mume wangu. Mama alifariki kabla hajaianza hiyo ya pili. Utotoni nilikaa miguuni pake nikimshikia uzi, lakini kufuma sikujifunza.

Nimekwenda kwa mama mdogo Lempi, anifundishe nyota ile. Nitarudi ~~kesho~~ Jumapili. Mikono yangu mizito kujifunza.

Saimi mwanangu, usiende shule na glavu moja, watakucheka. Au nenda nayo tu. Waambie ya pili anaifuma mama yako.

Mama Saimi