Viroboto Wasiong'ata

Mchafukoge,
Dar es Salaam.
4 Mei 2024

Mpendwa mdogo wangu Mwanamkuu,

Kuna jambo nimelificha humu ndani tangu sikukuu ya Idi, na wadudu wadogo wamekaribia kunifichua. Nitakuambia, ila salamu kwanza. Mama hakutulea tuanze na shida.

Hujambo? Lindi mnaendeleaje? Lile goti lako limekubali ngazi, au bado linanuna? Mimi nipo. Moyo ni ule ule uliochoka, miguu imevimba, na daktari hasemi tena "ukipona". Lakini akili, alhamdulillahi, iko macho kama zamani nilipokuwa nafundisha.

Masika imetukalia. Huko chini wasukuma mikokoteni wa Kariakoo wanapita kwenye maji huku wakitukanana, nami nawasikiliza kwa raha zangu.

Sasa wadudu. Wiki iliyopita niliona vitone vya kijivu, vidogo kuliko punje ya ufuta, vikirukaruka ukutani chini ya dirisha. Mkwe wangu Swaumu alipoviona alimgeukia Makombo, paka wangu anayelala miguuni pangu.

"Viroboto! Baba, huyu kesho anapanda mwendokasi, tena tiketi ya kwenda tu!"

"Umeng'atwa?"

"Sijang'atwa, lakini nawashwa."

"Unawashwa na macho, mwanangu."

Alicheka, lakini gunia la kumtilia paka alilitafuta kweli, na dawa ya kupuliza akanunua. Nikamwomba anipe siku moja.

Nilivaa soksi nyeupe, nikajikongoja kutoka kitandani hadi dirishani, nikasimama. Kiroboto akisikia mguu huurukia, na kwenye soksi nyeupe hajifichi. Hakuja hata mmoja. Nikamchana Makombo juu ya karatasi: hakuna kitu. Kisha nikamnasa mdudu mmoja kwa kidole kilicholowa. Kiroboto ana gamba gumu, humuui mpaka umpate kwa ukucha. Huyu alipondeka kama povu.

Mwingine nilimtazama kwa kioo cha kukuzia. Mwanamkuu, laiti ungemwona! Hana mbawa. Chini ya tumbo amekunja kimkia chenye panda, kama manati. Akishtuka anakifyatua, naye huyo, hajui atatua wapi. Jina lake la Kiswahili silijui, kwa hiyo nimemwita kifyatuka. Hanyonyi damu. Anakula ukungu na majani yaliyooza, na pasipo na unyevu hufa. Dawa yake ni kukausha mahali alipo, basi.

Nilimweleza Swaumu yote hayo kwa fahari ya mwalimu. Alisikiliza, kisha akauliza, "Sawa, Baba. Lakini hapa ghorofa ya tatu, dari halivuji, madirisha nafunga mwenyewe. Huo unyevu unatoka wapi?"

Nikajifanya nafuta kioo. Yeye akatazama kopo la mrehani lililopo dirishani, lile ulilonipandia mwenyewe, akasema hajalimwagilia tangu mvua zianze. Kisha akamtazama paka, kana kwamba ndiye anayekojoa humo. Gunia bado liko nyuma ya mlango.

Nisalimie shemeji Sadalla, na mwanao Sitara mwambie mjomba wake anamwachia kile kioo; asiogope kuchungulia vitu vidogo. Mungu akulainishie goti na akuzidishie siku kuliko zangu. Nikitangulia, usilie sana.

Swaumu ndiye atakayeandika anwani, maana herufi zangu sasa zinatetemeka. Bahasha naiacha wazi, na najua atasoma. Na asome. Makombo hana kosa. Kopo la mrehani linalowa kila asubuhi na jioni kwa sababu namwagia humo glasi ya dawa anayonikorogea Swaumu. Ilikuwa ikinilaza mchana kutwa. Tangu Idi sijainywa hata tone, na ndiyo maana wadudu niliwaona.

Kaka yako akupendaye bado,
Hashimu