Amana Iliyotundikwa Ukutani

Baba,

Shikamoo. Natumaini mstari huu wa kwanza unakukuta mzima wa afya, koo halikusumbui tena na vidole bado vinapiga. Sisi hapa tu wazima kwa kiasi chetu. Mama macho yake ya karibu yamechoka; amekaa mbele yangu anapanga vifungo kwa kuvipapasa, na anadhani bado naandika salamu. Msalimie na huyo unayeishi naye. Mama humwita mwenye nyumba wako, na akimwita hivyo hacheki.

Barua yako tuliipata. Miaka kumi na miwili, Baba, halafu karatasi moja, na nusu yake inahusu gitaa. Unaandika kwamba kama linatubana nafasi tuliuze, na kama halitubani tulitunze, siku moja utapita kulichukua, vyovyote tutakavyoona sisi ni sawa. Nilimsomea Mama mara mbili. Katika maneno yote hayo yeye alisikia moja tu, kwamba utapita, akaanza kufagia kona ambazo hazijaona ufagio tangu mwaka jana. Mimi nilisikia kuuza. Tukabishana siku nne, yeye akiiendesha cherehani kwa nguvu kila nilipofungua mdomo ili asinisikie.

Labda umesahau linapokaa. Liko palepale ulipolitundika, ukutani, ili Mama akiinua macho kutoka kwenye sare za shule anazoshona alione. Siku uliyoondoka kwenda kupiga muziki hotelini kwa miezi mitatu (hiyo miezi yako ni mirefu kweli), ulimwambia mkono wa mtu usiguse vile vishikio vya kukazia nyuzi, kwamba umeshalipanga sauti na unataka ulikute hivyohivyo. Mama alilichukua neno hilo kama kiapo cha ndoa. Kila Jumapili alilishusha, akalifuta kwa kipande cha bitana, akapuliza vumbi kwenye tundu, akalirudisha. Mjomba alipotaka kulijaribu siku moja, alifukuzwa na soda yake mkononi.

Kuna mwaka uzi mwembamba ulikatika wenyewe mchana kweupe, tukiwa mezani. Mama aliweka kijiko chini akasema umepatwa na jambo. Siku mbili hakutia kitu mdomoni. Siku ya tatu alikwenda kukupigia simu kwa jirani, ikapokewa na mwenye nyumba wako, aliyesema umelala na usisumbuliwe. Mama alirudi uso unang'aa, akanieleza kuwa u mzima, umelala tu.

Basi mabishano yale niliyashinda kwa ujanja. Nilimwambia tumwite mwalimu wa kwaya alikague, tujue hali yake kabla hujaja. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshamwambia mwalimu aje na mfuko wa kulibebea.

Mwalimu alilishusha, akafumba jicho moja na kulitazama kwa urefu kama seremala anavyokagua ubao. Hakulipiga hata mara moja. Alituonyesha shingo ilivyopinda, nyuzi zilivyoinuka hadi kidole kinapita chini yake, na kile kibao cha tumboni kinachozishika kilivyobanduka upande mmoja. Akasema kwa upole kwamba limekwisha, halifai kupigwa wala kutengenezwa. Gitaa likikaa bila mpigaji, alisema, nyuzi hulegezwa, la sivyo huivuta shingo mwaka baada ya mwaka. Mama alimweleza agizo lako. Mwalimu akasema basi kosa ni la mwenye agizo. Mama alimkatalia katakata: wewe unajua magitaa kuliko mtu yeyote, uliposema lisiguswe ulikuwa na maana yako, yeye ndiye aliyeliacha karibu na dirisha likapigwa jua. Mwalimu akaongeza kwamba hata hivyo kuna jambo linamtatiza, maana nyuzi zilizoachwa hulegea zenyewe kidogo kidogo, na hizi zimekazwa kupita kiasi. Mama akaapa hakuna aliyezigusa. Mwalimu alinitazama mimi, akakunja mfuko wake mtupu, akaaga.

Nilidhani Mama atalia. Hakulia. Alisema ulimwachia amana moja tu katika maisha yake, naye ameiharibu. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, Baba, sijaenda popote. Akasema haiwezekani upite ukute aibu ile ukutani.

Kesho yake alimwita mwenye duka la vitambaa. Uliuliza tuuze au tutunze. Tumetunza gitaa, tumeuza cherehani, ili ununuliwe gitaa jipya. Nilimkumbusha kwamba cherehani ile ndiyo iliyonisomesha na ndiyo inayotulisha. Alijibu kwamba atashona kwa mkono mpaka mambo yakae sawa. Kwa macho yale.

Sasa nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Aliyezikaza nyuzi ni mimi. Mwanzoni, nikiwa na miaka kumi, nilizikaza kwa mapenzi. Nilisikia sauti zimeshuka, nikaogopa utakuja ulikute limeharibika, ukasirike, uondoke tena. Nilipofika miaka kumi na tano mwalimu wa muziki shuleni alitufundisha kwamba nyuzi zikikazwa mno shingo hupinda. Siku hiyohiyo nilirudi nyumbani mbio, Mama akiwa sokoni, nikapanda kwenye kiti chake cha kushonea nikaongeza nusu mzunguko. Tangu hapo, kila mwezi. Hata uzi ule uliokatika niliukaza mimi asubuhi ile, na siku zote mbili nilimtazama Mama akishinda na njaa, nikanyamaza. Nilitaka siku utakayokuja ukute kitu chako kimekufa. Nilikuwa na hasira na wewe, na wewe hukuwepo.

Watu wawili walipokuja kuichukua cherehani, Mama aliwafungulia mlango akawaomba wasiikwaruze. Neno moja tu kutoka kwangu lingewarudisha. Nilishika upande mmoja nikawasaidia kuitoa.

Sitamwambia. Akijua ni mimi atanisamehe kabla sijamaliza kusema, halafu wewe utabaki huna kosa hata moja, na hilo siwezi kulivumilia. Hata nikiandika hivi roho inanisuta, lakini haijanisuta vya kutosha.

Mama ananiuliza nimefika wapi. Nimemwambia niko mwishoni. Anakusalimu sana, anakuomba radhi kwa yaliyotokea, na anataka umjulishe gitaa jipya ungependa liwe jeusi au la rangi ileile ya asali, asije akakosea tena. Mjibu yeye, usinijibu mimi.

Ni mimi mwanao,
uliyeniacha chini ya gitaa.